Taa ya nyuma ya baiskeli yenye mwanga mkali: ulipie au uache? Mwongozo kamili kwa wanaoendesha Mbeya, Iringa na Nyanda za Juu Kusini

Swali liko hivi: una taa ya nyuma ya buku tano inayowaka vizuri tu, afu dukani unaoneshwa nyingine ya elfu arobaini, au mtandaoni unaiona ya laki na kitu, imeandikwa inaonekana kilomita mbili, na we unajiuliza hiyo hela inaenda kwenye usalama wako kweli au inaenda tu. Kwa wenye haraka jibu langu ni hili. Kama unapita barabara kuu ya TANZAM kabla jua halijatoka au baada ya kuzama, au unapanda Igawilo kuelekea Tukuyu kwenye ule ukungu, ndiyo, toa hela, ila ununue ya kiwango cha kati na uwe umeshamaliza mambo kadhaa ya bei chee ambayo nitayaeleza hapo chini. Kama mizunguko yako ni Soweto, Mafiati, Kabwe na kurudi, na mara nyingi unafika nyumbani bado kuna mwanga, basi taa kali isubiri, baiskeli hiyo hiyo ina mahitaji mengine ya haraka zaidi.

Sasa twende taratibu, mana jibu la mtu wa Uyole na jibu la mtu wa Ubaruku sio moja.

Hatua ya 1: Jua nani anakuja nyuma yako na kwa spidi gani

Watu wengi wanaanza na taa, mi nasema anza na barabara. Kazi ya taa ya nyuma ni moja tu, kumpa dereva muda wa kukuona, kuelewa wewe ni kitu gani, na kukukwepa au kupunguza mwendo. Kwa hiyo kinachopimwa hapa ni sekunde.

Chukua lori la mizigo linaloenda Tunduma. Kisheria magari makubwa na mabasi mwisho ni 80 kwa saa, na kwenye makazi 50. We na mzigo wako unaenda kama 15. Tofauti yenu ni 65 kwa saa, yaani lori linakukaribia mita 18 kila sekunde. Kama umevaa nguo nyeusi na huna taa wala riflekta, dereva mwenye taa za chini atakuona ukiwa umbali wa mita 50 hivi, kwa hiyo ana chini ya sekunde tatu. Na hizo tatu zote sio zake, mana mpaka ubongo uelewe na mguu ufike kwenye breki sekunde moja na nusu imeshapita, na lori lenye mzigo kwenye spidi hiyo likisimama kabisa limetumia mita 80 na zaidi, hapo lami ni kavu. Akiwa anapishana na lori lingine hana pa kukukwepea.

Sasa weka taa inayoonekana mita 300. Muda unapanda mpaka sekunde 16 hivi. Hapo dereva ana nafasi ya kusubiri gari la mbele lipite kwanza ndo akupite kwa nafasi. Hiyo tofauti ya sekunde 3 na sekunde 16 ndo unayoilipia, na kwa kweli ni kubwa mno, hakuna kitu kingine cha bei hiyo utafunga kwenye baiskeli kikakupa hivo.

Ila angalia upande wa pili. Kwenye barabara ya vumbi ya mtaani anayekuja nyuma ni bodaboda au bajaji kwenye 40 hivi. Tofauti yenu ni 25 kwa saa, mita 7 kwa sekunde. Taa ya buku tano inayoonekana mita 100 tayari inampa sekunde 14. Ukiongeza mpaka mita 400 unakuwa umenunua muda ambao hana cha kuufanyia, tena barabara yenyewe ina kona na mabonde, hakuoni mita 400 hata ungebeba jua. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize njia yako ndefu kuliko zote iliyonyooka ni mita ngapi na magari yanapita hapo kwa spidi gani, mana taa haivuki kona.

Hatua ya 2: Saa unazopita, na hali ya hewa ya huku kwetu

Hapa Nyanda za Juu tuna mambo matatu ambayo watu wa Dar hawayajui sana.

La kwanza ni asubuhi. Saa yetu ya taifa inafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, Mbeya tuko kwenye 33 na nusu, kwa hiyo mwezi wa sita jua linachomoza karibu saa moja kamili asubuhi, nusu saa hivi baada ya Dar. Mwanafunzi, mtu wa maziwa, mama anayewahi sokoni Mwanjelwa, wote saa kumi na mbili asubuhi wako barabarani gizani. Na mbaya zaidi ni ile saa kumi na mbili na nusu, kumeanza kupambazuka, baadhi ya madereva wameshazima taa zao, kwa hiyo riflekta yako haina cha kuakisi, na taa dhaifu inamezwa na ule mwanga wa kijivu. Dakika hizo ndo taa kali inafanya kazi kweli, mana inajitegemea, haisubiri taa za mwenzako.

La pili ni ukungu na mvua. Ukitoka Uyole kupanda Igawilo, Isongole, mpaka Kiwira na Tukuyu, au kule Mafinga kwenye misitu ya Sao Hill, au Njombe na Makete, unaweza kupita ndani ya ukungu hata saa tatu asubuhi. Nitarudi kwenye ukungu mana una hesabu yake.

La tatu ni jua la machoni mwa dereva. Barabara yetu kuu kwa ujumla inakwenda mashariki na magharibi, kwa hiyo jioni anayeelekea Mbalizi na Tunduma anaendesha akilitazama jua, na asubuhi anayeelekea Uyole na Makambako vivyo hivyo. Kwa muda huo nasema wazi, hakuna taa ya baiskeli unayoweza kuitegemea, hata ya laki mbili. Jua likiwa chini mbele ya dereva, na kioo chake kina vumbi, we shuka kwenye bega la barabara au pita njia ya pembeni kwa hizo dakika ishirini.

Hatua ya 3: Maliza kwanza ya bei chee

Hii ndo sehemu naomba usiiruke, mana naona watu wanafunga taa nzuri kwenye baiskeli ambayo bado haionekani.

Cha kwanza ni mzigo. Taa nyingi zinatengenezwa zifungwe kwenye nguzo ya kiti, sawa, lakini baiskeli za huku zina keria, na juu ya keria kuna gunia la mkaa, madumu ya maziwa, mikungu ya ndizi inayoning'inia mpaka kwenye ekseli. Taa ya laki moja nyuma ya gunia la viazi haionekani kabisa. Kwa hiyo kama unabeba, taa ihamie mwisho wa keria au chini kwenye madigadi, fundi yeyote atakutengenezea kibao cha bati na nati mbili, na uwe na taa nyingine ndogo au kipande cha riflekta cha kufunga juu ya mzigo wenyewe kwa mpira. Kabla hujaondoka rudi nyuma hatua kumi uangalie, kisha sogea kushoto na kulia uangalie tena.

Cha pili ni riflekta. Zile stika nyekundu na nyeupe wanazobandika nyuma ya malori zinauzwa kwa kukatiwa, kipande kidogo kinatosha. Bandika nyuma kwenye madigadi, kwenye nguzo mbili za nyuma za fremu, na kwenye kreki za pedeli. Hazina betri, haziibiwi kirahisi, mvua haiziui. Ila lazima uzifute, mana vumbi la barabarani likishakaa linaua uakisi karibu wote, hasa kwenye kile kipande cha Nsalaga mpaka Ifisi kinachopanuliwa kuwa njia nne, siku moja tu ya kiangazi inatosha kuzifunika.

Cha tatu, na hiki naona ndo kinadharauliwa kuliko vyote, ni miguu yako. Chuo kikuu cha teknolojia cha Queensland, Australia, walifanya jaribio la usiku lililotoka mwaka 2012, madereva wakipita kwenye barabara ya majaribio wakitakiwa kusema wakimuona mwendesha baiskeli. Aliyevaa nyeusi alitambuliwa asilimia 2 tu ya mara zote. Mwenye kizibao cha rangi kali ambacho hakiakisi, asilimia 15. Mwenye kizibao cha riflekta, 50. Mwenye kizibao hicho pamoja na mikanda ya riflekta magotini na kwenye vifundo vya miguu, 90. Sababu ni kwamba ubongo wa binadamu unatambua haraka sana mwendo wa miguu inayopanda na kushuka, dereva anajua pale pale kuwa huyo ni mtu kwenye baiskeli, sio kibao wala jiwe lenye stika. Taa nyekundu moja gizani inasema kuna kitu, miguu inasema kuna mtu. Mikanda miwili ya kitambaa cha riflekta, fundi cherehani anakushonea kwa hela ya soda mbili tatu. Kama hujafanya hiki usiniambie habari ya taa ya elfu themanini.

Cha nne ni kuwasha. Mji wa Odense, Denmark, mwaka 2004 na 2005 walifanya jaribio na waendesha baiskeli karibu elfu nne waliogawanywa makundi mawili, kundi moja likafungiwa taa zinazowaka muda wote, mchana na usiku. Hilo kundi lilipata ajali za kugongana na wengine na kuumia pungufu kwa asilimia 19. Na zile hazikuwa taa kali, zilikuwa taa ndogo za Reelight zinazopata umeme kwa sumaku kwenye spoku, hazina betri wala swichi, mwenye baiskeli hawezi kusahau kuziwasha. Mi hapo najifunza kwamba taa ya kawaida inayowaka kila safari inaishinda taa kali iliyobaki kwenye chaja nyumbani.

Hatua ya 4: Elewa lumeni ili usidanganywe

Kwenye boksi wanaandika lumeni. Hiyo ni jumla ya mwanga wote unaotoka, haisemi unakwenda wapi. Taa mbili zenye lumeni 30 zinaweza kuwa tofauti kabisa, moja imekusanya mwanga wote kwenye mstari mwembamba kwenda nyuma, nyingine imeutawanya pembeni. Ya kwanza inaonekana mbali sana ukiwa nyuma yake sawasawa lakini ukisogea kidogo inapotea, ya pili inaonekana na anayetoka njia panda pia. Barabara kuu unataka mchanganyiko, mjini unataka ya kutawanya.

Jambo kubwa hapa ni umbali. Ili uonekane mara mbili ya umbali unahitaji mwanga mara nne. Kwa hiyo taa ya lumeni 100 ikilinganishwa na ya lumeni 10 ya muundo ule ule, haionekani mbali mara kumi, inaonekana mara tatu na kidogo. Bado ni nyingi, lakini bei mara nyingi imepanda mara kumi au zaidi. Kutoka lumeni 5 kwenda 25 au 30 ndo hatua yenye faida kubwa kwa hela unayotoa. Kutoka 30 kwenda 100 faida ipo, hasa mchana na alfajiri. Kutoka 100 kwenda 300 unalipa nyingi unapata kidogo, na usiku unaanza kuwaumiza macho wa nyuma yako.

Ukungu sasa. Ukungu unakula mwanga kwa kila mita, kwa hiyo ile hesabu ya juu inakuwa mbaya zaidi. Chukua ukungu mzito kiasi ambapo vitu vinapotea kwenye mita 100 hivi, na taa yako ya kawaida ndani yake inaonekana mita 150. Ukiweka yenye mwanga mara kumi, utaonekana kama mita 200, theluthi moja zaidi. Mtu anaweza kusema basi haina maana, mi nasema kinyume. Kwenye ukungu hizo mita 50 za nyongeza ni karibu sekunde tatu mbele ya lori, na sekunde tatu pale ambapo dereva alikuwa na chache tu zina thamani kuliko sekunde kumi za ziada kwenye usiku mkavu. Ndo mana watu wa Tukuyu na Mafinga nawashauri wanunue, hata kama namba inaonekana ndogo.

Hatua ya 5: Chunguza betri, maji na uongo wa kwenye boksi

Uongo unakamatwa kwa hesabu rahisi. Tafuta ukubwa wa betri, mara nyingi wameandika mAh. Zidisha kwa 3.7 kisha gawa kwa 1000, unapata wati-saa. Betri ya 300 mAh ni kama wati-saa 1.1. Mwanga mwekundu wa lumeni 100 unakula kama wati moja mpaka mbili. Kwa hiyo taa ya betri hiyo ikiwaka lumeni 100 mfululizo inamaliza ndani ya saa moja hivi. Wakikuandikia lumeni 100 kwa saa 20, ujue ama hizo lumeni hazipo ama hizo saa ni za kupiga fleshi fupi fupi kwenye mwanga wa chini. Hapo usinunue, tafuta nyingine.

Za betri ndogo za AAA zina shida yake. Zinafifia pole pole, na we uko mbele huioni, unaamini inawaka kumbe imebaki kama kijinga cha sigara. Uzuri wake ni kwamba betri zinapatikana hata duka la kijijini, na kama unakaa sehemu umeme haujafika hilo ni jambo kubwa. Za kuchaji kwa USB zilizo nzuri zinashikilia mwanga ule ule mpaka karibu na mwisho, zingine zinakuonesha kitaa cha onyo, lakini zinataka nidhamu ya kuchaji, na umeme ukikatika usiku mzima asubuhi hujachaji. Kama una pawabenki au sola ndogo ya simu umemaliza hilo tatizo, zinachajiwa humo humo. Baridi ya Makete na Njombe mwezi wa saba inapunguza chaji kiasi, kwa hiyo kama boksi linasema saa nne, we panga safari yako kwa tatu.

Wenye zile baiskeli za zamani za dinamo, dinamo yako ni volti 6 wati 3, taa ya nyuma inapata wati 0.6, na ukipanda mlima taratibu inafifia, ukisimama inazima. Kusimama gizani pembeni ya barabara ndo wakati unaohitaji taa. Iache iwashe mbele, nyuma weka ya betri.

Maji: tafuta alama ya IPX. IPX4 inavumilia maji ya kurukiwa kutoka pande zote, hiyo inatosha kwa mvua nyingi za Iringa mjini. Kwa Rungwe, ambako mvua ni ya kweli na madigadi yako labda fupi, nenda IPX6 au IPX7, hii ya mwisho imepimwa kwa kuzamishwa mita moja dakika 30. Kama haina alama yoyote angalia ule mpira wa kuziba tundu la chaji, ukiwa mlegevu dukani, ikifika masika haupo.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya hela kwa mwezi

Bei zinabadilika, kwa hiyo weka namba zako, mi natoa mfano tu wa namna ya kupiga. Tuseme taa ya elfu tano inakaa miezi minne halafu swichi au maji yanaimaliza, hiyo ni 1,250 kwa mwezi. Betri za buku moja kila wiki tatu, kama 1,400 kwa mwezi. Jumla 2,650 hivi. Taa ya kuchaji ya elfu arobaini ikikaa miaka mitatu ni kama 1,100 kwa mwezi. Kwa hiyo yule anayeona anaokoa analipa zaidi ya mara mbili, ila kidogo kidogo.

Lakini hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja tu, isiibiwe. Ukiegesha sokoni SIDO au Mwanjelwa ukaiacha imening'inia, utarudi ukute kishikilio. Kwa hiyo chagua mojawapo mapema: ama inayochomoka kwa mkono mmoja uweke mfukoni kila unaposimama, ama iliyofungwa kwa nati ambayo inataka spana. Ikiwa we ni mtu wa kuegesha mara ishirini kwa siku, dukani, kwa mteja, kwa mteja mwingine, utachoka kuichomoa, na siku ukisahau imeenda. Kwa mtu huyo taa mbili za elfu kumi zilizofungwa nati ni bora kuliko moja ya elfu themanini, na sisemi hivo kwa kubana matumizi, nasema kwa sababu zitakuwepo jioni.

Hatua ya 7: Ijaribu kabla hujalipa, na baada

Dukani mchana taa zote zinaonekana kali ukiziangalia kwa karibu. Mwambie muuzaji, kaka naomba niitoe nje kidogo, mtu aishike ikielekea kwako, rudi nyuma mpaka hatua hamsini kwenye jua. Kama huioni inawaka kwa hatua hamsini kwenye jua, basi kazi yake ni ya usiku tu, usilipe bei ya mchana. Sogea pembeni pia, uone ukiwa upande inafifia kiasi gani. Usipime kwa kamera ya simu, simu inajirekebisha mwanga yenyewe, taa mbovu na nzuri zinatoka sawa.

Ukiwa na rafiki mwenye taa tofauti fanyeni jaribio la kweli usiku, kwenye uwanja wa mpira au barabara ya mtaani iliyonyooka, sio TANZAM. Egesha baiskeli zote mbili na mizigo yake ya kawaida. Hatua ya mtu mzima ni kama robo tatu ya mita, kwa hiyo hatua 130 ni karibu mita 100. Nenda 100, nenda 200, nenda 300 kama nafasi ipo. Mwombe wa bodaboda awashe taa yake akielekea kwenu akiwa pembeni ya baiskeli, mana barabarani dereva hakuoni kwenye giza tupu, anakuona huku amepigwa fulu na gari la mbele yake. Utashangaa taa uliyoiona nzuri gizani inapotea kabisa pale. Mi naona hili ndo jaribio la kuamua, kama taa yako ya sasa bado inaonekana mita 200 pembeni ya taa ya pikipiki, baki nayo. Kama inapotea kwenye 100 na unapita barabara kuu, umepata jibu lako.

Afu iache iwake saa mbili mfululizo uangalie tena, na uimwagie kikombe cha maji ikiwa inawaka. Bora ife siku unayo risiti.

Hatua ya 8: Ifunge na uitumie inavyotakiwa

Ukishanunua, ilaze sawa na ardhi. Watu wengi wanaielekeza juu wakidhani dereva wa lori yuko juu sana. Macho yake ni mita mbili na nusu hivi kutoka chini, kwa umbali wa mita 100 hiyo ni kama nyuzi moja tu juu ya taa yako, haina haja ya kuinua chochote. Ukiinua unaangazia mawingu, na taa ya mwanga mwembamba ndo inapoteza zaidi.

Fleshi au kuwaka moja kwa moja? Ujerumani taa ya baiskeli inayopiga fleshi hairuhusiwi, Uingereza imeruhusiwa tangu 2005 kwa sharti ipige mara moja mpaka nne kwa sekunde, kwa hiyo hata wenye sheria kali hawajakubaliana. Fleshi inavuta jicho haraka, hasa mchana na alfajiri. Ya moja kwa moja inamsaidia dereva kukadiria uko umbali gani, na usiku hilo ndo la muhimu. Kilicho kibaya kabisa ni zile fleshi zenye giza refu katikati, ikizima sekunde nzima lori limeshasogea mita 18. Kama unaweza kuwa na mbili, ya bei chee iwake moja kwa moja chini kwenye madigadi, kali ipige fleshi juu. Na usiku mkavu mjini ishushe kali kwenye mwanga wa chini, anayekufuata na baiskeli au pikipiki ukimpofua ndo atakugonga yeye.

Kuna kitu taa haiwezi, na nakisema kwa uzito. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, mteremko wa Inyala, na Kitonga kwa watu wa Iringa, ni sehemu ambazo malori hukatika breki. Dereva wa lori lisilo na breki anaweza kukuona kilomita nzima na asikusaidie. Sehemu hizo kaa nje ya lami kabisa, shuka, kokota, hata kama taa yako inaangaza kijiji kizima.

Kwa hiyo nani anunue

Anayepita Uyole, Mbalizi, Songwe kwenye barabara kuu gizani au alfajiri: anunue ya lumeni 50 mpaka 100, ya kuchaji, yenye mwanga wa chini kwa usiku, na ile ya zamani ibaki kama ya pili. Watu wa Igawilo, Tukuyu, Mafinga, Njombe vivyo hivyo, ila maji kwanza, IPX6 kuendelea, bora lumeni 50 zisizoingia maji kuliko 150 zinazokufa masika. Anayepanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini, kwenye ule mlima wenye kona unaenda taratibu na hakuna mnyooko mrefu, hapo ya lumeni 30 inayotawanya mwanga pembeni inatosha, hela iliyobaki iende kwenye riflekta za miguuni. Wa Ubaruku na Igurusi kwenye barabara za mashambani, AAA na betri za akiba mfukoni, basi. Mwanafunzi anayetoka gizani mwezi wa sita na wa saba tu, mzazi amfungie ya bei ya kati yenye nati na amshonee mikanda ya miguu, mana mtoto atasahau kuchaji ila mikanda haisahau.

Na ukishaamua kununua, muulize muuzaji maswali mawili tu: kishikilio kikivunjika anacho cha kuuza peke yake, na waya wa chaji ni wa kawaida kama wa simu au ni wa kwake mwenyewe. Kishikilio cha plastiki ndo kinakatika kwanza kwenye barabara zetu za makorongo, na waya wa pekee ukipotea taa ya laki imekufa. Akisema hana vyote viwili, mwambie akupunguzie au nenda duka la pili.